Nani Alimtafsiria Baba Mkubwa?

Mpendwa Kaka,

Nimekupigia mpaka simu yangu imeona aibu. Shemeji ndiye anayepokea, na kila mara ananiambia uko darasani. Jumapili, Kaka? Huko shuleni kwako Nkoma siku hizi mnafundisha historia mpaka siku ya kanisa? Basi nimeamua kuandika, tena wazi, anayetaka asome. Jina lako sikuweka. Nimetumia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyotukanania hapa mtaani Walukuba tukiwa wadogo, na kwa sababu wazee wetu wa Mbale hawataisoma. Wao Kiswahili chao ni "simama", "kaa chini" na "toa kipande", vile walivyofundishwa na wanajeshi zamani zile.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu kutoka Mbale? Sanduku la bati kichwani, viatu mkononi visije vikachakaa njiani. Baba akasema, "Huyu ni kaka yako, amekuja kusoma Jinja, mpe nusu ya kitanda." Ukachukua robo tatu. Lakini ulilipa, nakiri. Ulinifundisha kusoma kwa vipande vya gazeti vilivyofungia chapati, na mimi nikakuonyesha lile tundu kwenye ukuta wa mabanzi wa kibanda cha video. Jicho moja kwa zamu, hesabu mpaka hamsini, mwenzako anaingia. Wewe ulikuwa unaiba hesabu. Kutoka thelathini unaruka arobaini, msomi mzima!

Wewe uliangalia filamu. Mimi nilimwangalia vijei, yule mtu anayekaa pembeni na kipaza sauti, filamu ya Kizungu inakwenda na yeye anawasimulia watu kwa lugha yao, anaongeza chumvi, anawapa mashujaa majina ya majirani. Nilikuambia, "Mimi nitakuwa yule." Ukanicheka. Haya, sasa unajua nani alicheka mapema. Shule niliiacha kidato cha pili, au iliniacha yenyewe, tusibishane. Leo mimi ni vijei namba moja wa Kiswahili kuanzia daraja la Nile mpaka Mafubira. Ndiyo, niko peke yangu, wengine wote wanasimulia kwa Kiganda na wananiita mtu wa kambi ya jeshi. Lakini namba moja ni namba moja. Madereva wa malori kutoka Kenya wanaegesha wakisikia ni mimi, na vijana wa kiwandani wakitoka zamu wanakuja na jasho lao lote.

Halafu ukaja ile Jumamosi mchana. Ulikuja na mafungu mawili ya malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kukaushwa, kutoka mlimani, ukampa Mama, ukanishika bega ukasema, "Leo nataka nikuone kazini, bwana mkubwa." Sitakudanganya, nilifurahi. Filamu yenyewe ilikuwa katuni. Akina mama wawili walikuwa wameshaleta watoto wao, maana katuni, si ya watoto? Nikawafukuza mlangoni. Ilikuwa katuni ya watu wazima, matusi na damu, imetengenezwa na Wazungu kuwacheka babu zao walioanzisha nchi. Wazee wenye nywele za bandia nyeupe wanasaini karatasi ya uhuru na povu la bia linaidondokea. Mfalme wao wa ng'ambo ni mtoto mnene anayetawala kutoka kwenye beseni la kuogea. Bendera wameishona kwa shuka la mgonjwa.

Na kulikuwa na yule mmoja. Bunduki zikilia anaingia kwenye pipa la unga. Vita vikiisha anatoka mweupe kama mzimu, anampokonya maiti bendera, anapanda juu ya jiwe na kukohoa, halafu anamwita mchoraji aje amchore. Mwisho wa filamu ndiye mwenye sanamu kubwa kuliko wote.

Kaka, wewe ulikuwa pale. Ulitaka nimwite nani?

Nikamwita Babu. Nikampa kikohozi cha Baba Mkubwa, kile cha mara tatu anachokohoa kabla ya kutuhadithia Krismasi jinsi Babu alivyosimama peke yake na mkuki, akamkimbiza wakala wa serikali ya kikoloni mpaka bondeni, ndipo ukoo wetu ukapata ile ardhi na jina lake. Mimi nikasimulia ile nyingine. Kwamba Babu alijificha ndani ya ghala la ulezi siku nzima, na ule mkuki aliuokota kwa askari wa wakala aliyekuwa amelewa. Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Dereva mmoja alipiga magoti chini akiomba nisimamishe, mbavu zinamuuma. Na nikasema kwenye kipaza sauti, unakumbuka vizuri sana, "Msinilaumu mimi, jamani! Haya nimeambiwa na msomi wa ukoo mwenyewe, yule pale benchi la kushoto!" Watu wote wakageuka. Ukainua chupa yako ya soda kama mbunge aliyeshinda.

Kuna mtu alirekodi kwa simu. Hilo simlaumu mtu, kila siku wananirekodi, ndiyo bei ya umaarufu. Video ilikwenda inakokwenda, ikafika Mbale kwa Baba Mkubwa. Wiki iliyofuata Shangazi wa Mafubira akaniita dukani kwake, hata kiti hakunipa.

"Wewe mtoto, umemtia Babu yako kwenye unga?"

"Shangazi, ile ni katuni."

"Katuni gani ina mdomo wako? Kaa kimya nikusomee, kaka yangu ametuma ujumbe."

Akasoma. Kwamba nimesema Babu alijificha kwenye ghala la ulezi. Kwamba nimesema mkuki ni wa askari mlevi. Kwamba nimemkohoa Baba Mkubwa mbele ya madereva. Kisha akasoma ya mwisho polepole, na sauti yake ikapungua: "Aliyemcheka Babu yake hatasimama kwenye uwanja wa Babu yake. Aje kwanza aseme nani alimwambia maneno haya."

Unajua maana yake, Kaka. Mwaka huu ndio mwaka wa tohara yetu Wagisu, na zamu yangu imefika. Wenzangu tayari wamefunga kengele mapajani, wanazunguka kucheza kwa wajomba. Baba alikufa kabla hajajenga Mbale, na hapa Walukuba sisi ni wapangaji, kwa hiyo uwanja wangu wa kusimama mbele ya kisu ni mmoja tu duniani, wa Baba Mkubwa. Nikikosa huo nitakatwa hospitali kwa sindano ya ganzi, na watanihesabu mtoto mpaka nife. Wewe mwenyewe uliniahidi utaniongozea nyimbo. Uliahidi mara mbili, na mara ya pili hukuwa umekunywa.

Nilikaa na ule ujumbe siku nyingi. Unajua mimi si mtu wa kufikiri sana, lakini filamu za upelelezi nimesimulia nyingi. Kwanza nilimshuku yule dereva aliyepiga magoti. Lakini dereva ni wa Kakamega, Mbale anapita tu. Nikamshuku mwenye kibanda. Lakini yeye hajui hata tuna Baba Mkubwa. Halafu nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. Baba Mkubwa alielewaje?

Video ni ya Kiswahili. Tena si Kiswahili cha "toa kipande". Ni changu, cha haraka, cha Walukuba, kimejaa misimu ya kiwandani. Hata Shangazi aliniuliza maneno mawili matatu. Ili Baba Mkubwa aambiwe neno kwa neno mpaka habari ya askari kulewa, lazima alikaa karibu naye mtu anayejua Kigisu cha wazee na Kiswahili changu, vyote viwili, bila kukwama. Nimewahesabu watu hao kwa vidole. Nilitumia kidole kimoja.

Tena sikia. Wamenisomea makosa yangu yote, mpaka kikohozi. Kimekosekana kitu kimoja tu, ile sentensi ya msomi wa ukoo kwenye benchi la kushoto. Kwenye video inasikika wazi kuliko zote, nimeirudia mara ishirini. Kama Baba Mkubwa angetafsiriwa sentensi hiyo, asingekuwa anauliza nani aliniambia. Kuna mtu aliifikia, akameza mate, akairuka.

Mimi naruka sentensi kila siku, Kaka. Wakibusiana na kuna bibi kizee mbele, nasema wanaagana. Kazi hii naijua. Kumbe na wewe ni vijei, na hukuniambia.

Pengine ulilazimishwa. Nakuona umeketi pale kwenye kigoda na tai yako, simu iko mkononi mwa mzee, anasema "mwanangu, huyu anasemaje?" na mkeo anakutazama. Pengine uliogopa. Mwalimu wa historia aliyetoboa historia ya nyumbani kwao, naelewa, shule nzima ingesikia. Lakini ungeweza kusema sauti haisikiki. Ungeweza kusema kijana anatukana tu, hana maana. Umetafsiri vizuri sana, Kaka, kwa mtu aliyelazimishwa.

Na linaloniuma si hilo. Linaloniuma ni siku uliyonipa ile hadithi. Tulikuwa nyuma ya jiko, siku ya kumzika Baba, tunamenya ndizi za matanga, vidole vyeusi kwa utomvu. Mbele huko Baba Mkubwa anakohoa mara tatu, anaanza mkuki wa Babu juu ya jeneza la baba yangu, na kuhusu Baba mwenyewe hakusema chochote. Mimi nilikuwa sijalia wala sijaongea tangu asubuhi. Ukaniinamia, ukaninong'oneza kwamba ulipokuwa chuo ulitumwa kukusanya habari za zamani, ukamhoji dada yake Babu kabla hajafa, na yule bibi akacheka akakuambia habari ya ghala. "Alitoka na chawa wa ulezi kwenye ndevu," ukasema. Nikacheka, Kaka. Nikacheka mpaka machozi yakapata njia ya kutoka. Nilidhani ile hadithi ni yetu wawili, ndiyo maana siku uliyokuja kibandani niliitoa. Nilitaka ujue sijaisahau.

Sasa wazee wanakaa Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Shangazi amenipa sharti lao, nami nimelikubali: "Aje ajibu, na kwa kuwa Kigisu chake ni kibovu, mwalimu atatafsiri." Wanakuamini. Kigisu changu wewe ndiye unayekijua, ni cha kuitikia salamu na kuomba nyama. Kwa hiyo nitakuja, nitasimama katikati ya uwanja, Baba Mkubwa atauliza nani aliniambia, na mimi nitajibu kwa Kiswahili, sentensi moja, polepole kama ninavyowasomea walevi.

Sikuambii nitajibu nini. Pengine nitasema niliota. Pengine nitasema uongo ni kazi yangu na Babu alikuwa simba, na nitapewa uwanja wangu, nawe utaniongozea nyimbo kama ulivyoahidi. Pengine nitasema kweli. Kila nikipanga jibu naona uso wako nyuma ya jiko, na ninapanga upya.

Chochote nitakachosema, wewe ndiye utakayegeuka kwa wazee kukisema. Nitakuwa nakutazama mdomo. Kigisu changu hakitoshi kujua kama umenitafsiri sawa, lakini jina lako nalitambua katika lugha yoyote.

Uwe na afya mpaka Jumamosi, na Shemeji mwambie nimekoma kupiga simu.

Mdogo wako