Funikeni Maji ya Kuku

Jumapili, 24 Agosti 2025

Jamani! Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa kitandani natafuta michoro ya hina kwenye simu. Hina tu, wallahi. Nikabofya hapa, nikabofya pale, nikajikuta kwenye ukurasa wa mambo ya anga. Ndivyo simu ilivyo — unaingia kwa mlango wa hina, unatokea kwenye nyota. Na hapo ndipo nilipoona: tarehe saba Septemba mwezi utapatwa, mzima mzima, uwe mwekundu, na sisi wa Kampala tutauona tangu jioni.

Tarehe saba Septemba! Harusi yangu!

Wengine hukodi taa za rangi. Mimi Sitti, fundi simu wa Kansanga, ninayewaacha wateja wakisubiri kila roketi inaporushwa, nimepewa mwezi mzima. Bure!

Nimempigia mchumba wangu, Rafiq. Akauliza kama watu wataona sahani zao. Nikamwambia umeme utakuwepo, inshallah. Akacheka. Akasema basi tule nje, uani kwa mama yangu, ili kila mtu auone. Nampenda huyu mtu.

Jumanne, 26 Agosti

Tangu asubuhi niko soko la Owino na Safinah. Miguu haipo! Tumepata kitambaa cha rangi ya chungwa, kizuri ajabu, muuzaji mwenyewe alikuwa hataki kukiachia.

Safinah ni rafiki yangu tangu madrasa. Anafuga kuku nyuma ya nyumba na anaamini kila kinachoingia kwenye simu yake. Nilipomweleza habari ya mwezi alisimama katikati ya njia, wabeba mizigo wakampigia kelele. Akauliza: hauna madhara kwa bibi harusi? Na alikuwa hatanii!

Nikashindwa kujizuia. Jioni nimelala miguu ukutani, nikarekodi sauti, nikaituma kwenye grupu letu la wasichana. Nimekaza koo kama mtangazaji wa taarifa ya habari: "Tahadhari! Usiku wa mwezi mwekundu bibi harusi asitazame juu. Akitazama, mume atakimbia hadi Nairobi. Simu zote zizimwe. Na maji ya kuku yafunikwe!"

Hayo ya kuku ni ya Safinah. Grupu zima limecheka. Safinah kanitumia picha ya jogoo aliyenuna.

Alhamisi, 28 Agosti

Mzee Oyat alikuja dukani. Askari mstaafu. Simu yake kongwe kama yeye. "Hii simu inasema imejaa. Mimi hapana weka kitu!"

Nikafungua. Video juu ya video. Mtu anaeleza kwamba hakuna binadamu aliyefika mwezini. Mtu mwingine anaeleza hayo hayo. Bendera, vivuli, sijui nini. Nikamwambia, mzee, watu walifika, na mawe ya huko waliyaleta.

"Wewe ulikuwa kule?"

Hapana.

"Mimi pia. Sasa tuko sawasawa."

Nimefuta nusu, aliniruhusu. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Zamani simu zilikuja zimejaa picha za watoto. Sasa zimejaa maonyo. Watu wa Kibuli, wa Kansanga, wa Ggaba, hawajuani, na wote wana video ile ile. Kila mmoja anadhani imemfikia yeye peke yake.

Nimemkaribisha harusini. Amekubali. Anasema anataka kuuona mwezi ukidanganya mbele yake.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama mmoja kaleta simu yenye kioo kilichovunjika. Nikaweka kipya, nikawasha kujaribu. Ujumbe ukaingia pale pale, sikuweza kutousoma:

"ONYO KUTOKA KWA WATAALAMU WA ANGA, UJERUMANI. Usiku wa tarehe 7 miale ya mwezi mwekundu itashuka. ZIMA SIMU. Bibi harusi asitoke nje, mume ataondoka asirudi. FUNIKA MAJI YA KUKU. Tuma kwa watu unaowapenda."

Kuku! Nilicheka mpaka bisibisi ikaanguka. Yule mama hakucheka. Kaniambia ameshanunua kifuniko.

Nimekuwa Mjerumani! Nairobi imeachwa njiani. Kila aliyepita nao kakata kipande, kaongeza chake. Kuku tu ndio hawakuguswa.

Jumatatu, 1 Septemba

Sicheki tena.

Bi Mwanawetu amepiga. Mama yake Rafiq. Ana sauti tamu, ile ya watu wao waliokuja zamani na biashara kutoka pwani. Hawezi kusema jambo kabla hajauliza hali ya kila mtu nyumbani, mpaka paka. Baada ya paka:

"Sitti mwanangu, harusi tutaisogeza. Mpaka mwezi ujao, Mfungo Saba."

Nikauliza kwa nini. Dada yake wa Mombasa kaletewa habari. Shemeji yake wa Jinja, habari ile ile. Binamu yake Dubai, ile ile. "Watu wa nchi tatu, mwanangu, na neno lao moja. Linaweza kuwa uongo?"

Nilipaswa kusema pale pale kwamba ni mimi. Nikasema: "Haliwezi, Mama."

Mwoga mkubwa mimi!

Rafiq kaja jioni, uso umekunjamana. Amebishana naye mchana kutwa. Wageni wa Jinja wameshasema tarehe saba hawaji. Mama yangu anafua mashuka ya wageni hao hao wasiokuja, anayakamua kama anamkaba mtu.

Jumanne, 2 Septemba

Hili nitaliandika hata kama ni aibu.

Asubuhi niliandika kwenye simu: bibi harusi, mwezi kupatwa. Nilitaka tu kuona mzaha wangu umefika wapi. Simu ikanipa. Ikanipa tena. Mwanamke analia kwamba mwaka mmoja alitazama na mumewe akaondoka. Mwanaume aliyevaa koti jeupe la daktari anaonyesha mchoro. Nikimaliza mmoja, mwingine huyo. Wateja wakaja, wakachoka, wakaondoka. Adhuhuri bado nasoma. Alasiri nikampigia Rafiq, hakupokea! Nikawaza: Nairobi.

Alikuwa kwa kinyozi.

Mimi! Niliyelitunga mwenyewe, kwa mdomo wangu! Limezunguka, limerudi na sauti za watu wengi, nami sikulitambua. Nikaliogopa kama wengine wote.

Nikazima simu. Nikakaa mlangoni kutazama watu wakipita, kila mmoja na yake mkononi. Sikuweza kuwacheka.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia Rafiq yote. Tulikuwa tunakula muhogo wa kukaanga pembeni ya duka. Alicheka hadi akapaliwa. Halafu akafuta mikono. "Mwambie Mama. Si mimi nimwambie. Wewe."

Kumbe Ustadh wa msikiti ameshafika kwake. Kamweleza kwamba mwezi ukipatwa watu husali, hawahamishi harusi. Bi Mwanawetu kamkaribisha chai vizuri sana. Alipoondoka akamgeukia Rafiq: "Ustadh ni mcha Mungu. Lakini hana data."

Nimecheka tena, nitafanyaje? Kesho naenda.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda. Kwa miguu, kilima chote cha Kibuli, huku vipaza sauti vinajaribiwa kwa ajili ya maulidi.

Shikamoo. Marahaba. Paka hajambo. Nikaiweka simu mezani, nikamchezea sauti yangu, mwanzo hadi kuku. Nikasema: "Mama, ni mimi. Ulikuwa mzaha. Nisamehe."

Akaomba aisikie tena. Kisha akanishika mashavu yote mawili, machozi yanamlenga. "Mwanangu, umeitengeneza hii leo ili unitoe hofu. Moyo gani huo!"

Nikamwonyesha tarehe. Akatabasamu. "Wewe si fundi? Tarehe inakushinda nini?"

Haamini! Mjerumani asiyekuwepo anaaminiwa, mimi niliyeketi mbele yake hapana!

Nikaacha kubishana. Sijui kwa nini, nikaanza tu kumweleza kile ninachokipenda. Nikamwambia hakuna miale inayoshuka. Ni kivuli. Kivuli cha dunia hii, chetu sisi, na kilima hiki kimo ndani yake. Na ule wekundu ni mwanga wa jua unaopenya pembezoni mwa dunia, kule jua linakozama na kule linakochomoza. Mtu akiwa amesimama mwezini wakati ule, ataiona dunia nyeusi yenye pete nyekundu: magharibi zote na alfajiri zote kwa pamoja. Kwetu itakuwa Isha imeshaingia. Jua litakuwa linazama Accra.

Bi Mwanawetu kaweka kikombe chini. Chai inapoa.

"Yaani watu wa Accra wanatia udhu wa Magharibi, na mwanga ule ule unawapita juu ya vichwa vyao unakwenda mwezini?"

Ndiyo, Mama.

"Na sisi huku tunauona?"

Tunauona.

Akaniambia nirekodi hayo, hivyo hivyo nilivyoyasema, bila kukaza koo. Nikarekodi. Tukatuma kwa watu wake na kwa watu wangu. Kuhusu harusi hakusema neno. Nami sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa, 5 Septemba

Hakuna aliyesikiliza. Karibu hakuna. Safinah kaandika "sawa." Dada wa Mombasa kaandika: ndefu. Ule mzaha ulifika Dubai kabla kuku hawajalala, na hii ya kweli imekaa pale pale nilipoiweka. Mchana wote nimekuwa na huzuni.

— Naendelea, ni jioni. Simu inatetemeka, haitaki kuacha!

Bi Mwanawetu ameichukua ile sauti yangu, akaiwekea maneno yake juu, kwa herufi kubwa: "ASIYETAZAMA MWEZI JUMAPILI AMEKOSA. MWANGA WA MAGHARIBI YA ACCRA UTAONEKANA KIBULI. NJOONI UANI KWA AKINA SITTI, BIBI HARUSI MWENYEWE ATAWAELEZA. TUMA KWA UNAOWAPENDA."

Uani kwa akina Sitti! Hakuuliza mtu! Inasambaa kama moto. Mombasa kasikiliza mpaka mwisho na sasa anataka picha. Jinja wanauliza kama kuna pa kulala. Wateja watatu wameniuliza saa ngapi. Mama yangu kaketi juu ya gunia la mchele, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Nikampigia Bi Mwanawetu: Mama, kwa hiyo ni tarehe saba?

"Sasa watu wote hawa waje kutazama mwezi bila biriani?"

Nimeruka kitandani kama mtoto! Kitanda kimetoa mlio mbaya. Sijali.

Jumamosi, 6 Septemba

Hina mikono yote. Naandika kwa ncha za vidole. Sufuria zimeazimwa mtaa mzima. Rafiq haruhusiwi kuniona, anapita barabarani anapiga mluzi. Anapiga vibaya sana. Alhamdulillahi kwa kila kitu.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeolewa!

Nikahi imefungwa baada ya Adhuhuri. Sasa giza limeingia, niko chumbani, wanawake wameniacha kidogo kabla ya kunitoa kwenda uani. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Watu! Wamejaa mpaka barabarani. Nusu yao hakuna anayewajua. Wengine wamekuja na viti vyao. Mzee Oyat kavaa suti na medali, kakaa mstari wa mbele, anawaamuru watu wakae chini, mwezi unakuja. Wali hautatosha. Mama yangu anaongeza maji kwenye mchuzi na anaimba.

Rafiq yuko nje ya dirisha, ananinong'oneza. Wingu. Wingu kubwa. Linaondoka. Limeondoka! Mwezi mzima, mkubwa, hauna kasoro. Halafu kaliegemea dirisha. "Sitti," kasema, "umeanza kuliwa upande wa chini."

Takbiri! Vigelegele! Oyat anasikika juu ya wote: "Tulia! Hapana sukuma! Mimi naona!" Sauti yake imekatika kidogo. Nadhani analia.

Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanawetu. Nilidhani amekuja kunitoa. Akaufunga nyuma yake, akauegemea. Mtandio umemshuka hadi kwenye nyusi. Yuko hapa sasa, kakaa ukingoni mwa kitanda, anasubiri nimalize mstari.

Hajatazama. Amewaita watu wote hawa, na yeye tangu jioni anaangalia viatu vyake tu. Anacheka anaponiambia, lakini bado haangalii dirishani.

"Nimeyaamini uliyoniambia," anasema. "Lakini na yale mengine bado yamo." Anajigonga kichwa kwa kidole.

Nimemwambia: hata mimi, Mama. Bado yamo.

Kanitazama sana. Halafu kaondoa mtandio kwenye nyusi, kaufunga vizuri nyuma. Anasema basi tutoke wote wawili, macho chini mpaka katikati ya uani, na huko tuyainue kwa pamoja, asiwepo wa kwanza. Wanawake wanagonga mlango. Kanishika mkono, anaukamata kwa nguvu, hina na kalamu na vyote. Anasema bismillahi —