Siku Uliyosema Inauma

Mpendwa Mutwiri, mwanangu na baba yangu,

Watakaosikia barua hii watashangaa mtoto anawezaje kuwa baba, kwa hivyo wacha niwaeleze kwanza. Wewe ni kijana wangu wa pili, na kwetu kijana wa pili hupewa jina la baba yake mama. Tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni kwenda soko la Mikinduri nilikuwa nakuita baba, na wewe ulikuwa unaitika kama mzee kweli. Mimi nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wengi waliofika mbele. Ndiyo maana nakuandikia wewe huko Eldoret, na wamama wa kanisa watasomewa pia. Ruhusa ulinipa mwenyewe kwa simu. Ulisema, "Wasomee, mama. Kuna mwenye kijana kama mimi na hajui."

Kwa simu hiyo hiyo uliniambia kwamba Jumatatu unaingia hospitali kutolewa kile chuma ulichotiwa pajani ulipovunjika. Halafu ukauliza kama ni lazima madaktari wa huko wajue habari ya vidonge, maana unaona aibu. Simu ikazima kabla sijajibu. Jibu langu ni hili, na litakuwa refu, kwa sababu kukusifu kwa ufupi mimi siwezi.

Unakumbuka miraa ya baba yako, ile miti mirefu ya upande wa mto? Hakuna aliyeikwea kama wewe. Ulikuwa unafikia vichipukizi ambavyo wenzako walikuwa wamewaachia ndege. Ukifunga kibunda kwa gamba la mgomba, mnunuzi hakuwa na haja ya kukifungua aangalie ndani. Na ulipotahiriwa hukupepesa jicho. Mjomba wako Muriuki alikuja kutuambia, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka, na habari hiyo niliitembeza soko lote. Wako waliochoka kuisikia. Shauri yao.

Halafu tawi likavunjika nawe juu. Nilikukuta chini, mguu umegeukia pasipofaa, na bado hukulia. Ulisema tu, "Mama, huu mguu si mzuri." Hospitali wakatia chuma, wakakupa vidonge vya maumivu, na kusema kweli vilikusaidia. Ulilala, ukala, ukaanza kutembea. Mguu ukapona. Vidonge havikuisha.

Ulipomaliza vya hospitali ulianza kuvitafuta kwa kemisti pale sokoni, halafu kwa yule mwingine, ili wa kwanza asikukatalie. Ulikuwa unasinzia mkono ukiwa kwenye sahani ya mukimo. Ulikuwa unajikunakuna pua, na neno dogo lilikufanya mkali. Vibunda vyako vikaanza kulegea, wanunuzi wakaanza kuvifungua. Nilidhani ni uchovu. Nani angedhani dawa ya daktari, dawa iliyo na karatasi yake, inaweza kumshika mtu hivyo?

Siku ulipojaribu kuacha peke yako, ulijifungia katika nyumba yako ya mbao. Mjomba Muriuki alisema uachwe, kwamba mwanamume hujitoa mwenyewe, na kwamba nikupikie uji wa wimbi tu na tukuombee. Niliuweka uji mlangoni. Kwetu mama haingii nyumba ya kijana aliyetahiriwa, na mimi ni mtu wa kufuata mila, unanijua. Lakini nilisikia ukitapika, nikasikia kitanda kikigonga ukuta kwa vile miguu ilikuwa inakuruka, nikasukuma mlango.

Ulikuwa umelowa jasho na huku unatetemeka. Ulisema, "Toka, mama. Hapa si mahali pako."

Nikakwambia, "Nimekuzaa, baba. Nitoke niende wapi?"

Hapo ndipo ulipolia. Ulinishika leso ukasema, "Inauma." Maisha yako yote ya utu uzima sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwako.

Mjomba alifika akatukuta. Hakunigombeza mimi, alikugeukia wewe. "Kwa kisu hukulia, sasa unalilia kidonge?"

Nawe ukamjibu bila hasira, "Kisu kilikata mara moja, mjomba. Hiki kinanikata kila asubuhi. Nimeshindwa. Nipelekeni kwa daktari."

Mjomba aligeuka pale pale. Alienda akatafuta gari, na njiani ni yeye aliyekushikia ndoo.

Kule kliniki, nyuma ya mtaa wa Kaaga, tulimpata yule daktari msichana mwenye sauti ndogo. Nilimuuliza wazi kama kulikuwa na haja, au uji na maombi vingetosha. Alisema uji niendelee nao na maombi pia, lakini mwili wako ulikuwa umeizoea ile dawa, na ukikatiwa ghafla unagoma. Wako wanaopunguziwa kidogo kidogo wakiwa nyumbani, daktari akiwaangalia, na wako wanaohitaji kulala pale. Wewe kwa muda uliokuwa umeitumia, na kwa vile ulivyokuwa umeishiwa maji, ilibidi ulale. Wakakupa dawa ya kukutuliza, na kukawa na mtu wa kuongea nawe, si kukuhubiria. Kwenye foleni niliwaambia wote kwamba kijana wangu ameomba kuletwa mwenyewe. Mama mmoja aliyetoka Embu alisogea akaketi karibu nami, akaniuliza ulianzaje kusema kwamba umeshindwa.

Na wasikie hili pia, maana sitaki wafikiri ilikuwa rahisi. Baada ya kurudi nyumbani uliteleza. Ulienda kwa yule kemisti. Lakini kesho yake ulipanda gari ukarudi kliniki peke yako, ukawaambia. Hakuna aliyekutuma. Hilo nimelitembeza soko lote kuliko lile la kisu.

Sasa huko Eldoret unapandikiza miche ya maparachichi, na nasikia mkono wako unafunga kile kinailoni pale mche unapounganishwa kama ulivyokuwa unafunga vibunda. Mwenye hiyo bustani ana bahati, mwambie nimesema.

Kwa hivyo Jumatatu, baba, kabla hawajakulaza, waambie. Sema ni vidonge gani na vilikushika namna gani. Watajua cha kukupa, watakipima, na watakuangalia. Usiseme utavumilia bila kitu ili wakuone mwanamume. Usichukue pia vya kuweka mfukoni. Vile watakavyokupa vya kwenda navyo nyumbani, nitavishika mimi. Nimeshaongea na wa gari, nitafika Jumapili jioni na wimbi langu kwenye mfuko. Na ukishikwa na aibu mbele yao, nitazame. Nitakuwa nimeketi hapo karibu na kitanda, na siku hizi sibishi hodi.

Sema inauma. Ukisema hivyo, mimi nitapiga vigelegele hapo hapo wodini, wanifukuze wakitaka.

Mama yako aliyekuzaa, na kwa jina ulilopewa, binti yako,

Mama Mutwiri