Changu wa Hapa

Mama Samiha,

Changu wamo kwenye beseni, wapare mapema kabla hawajaharibika. Ni wale niliowapeleka kambi ya gesi asubuhi, maana tuliambiwa wanataka samaki wa hapa. Mpishi akacheka: “Wa hapa tunao, mzee, wametoka Maputo.” Akanionyesha boksi la samaki wa barafu. Kumbe hapa kwao ni nchi yetu nzima, ila kijiji chetu cha Olumbi hakimo.

Narudi nyumbani, nakuta kuku wa boksi jikoni mwetu. Najua, Samiha hataki miba. Lakini hata wewe, binti wa mvuvi?

~~Changu wape paka.~~ Hapana. Kaanga wawili, waliobaki watie chumvi uwaanike.

Wavu ukunje, uuweke darini. Nimerudi kambini. Wanatafuta watu wa kushusha maboksi.

Baba Samiha