Namba Kumi na Moja Bado Inachafuka

Buyenzi, Bujumbura
Jumatatu, baada ya alasiri

Kaka Shabani,

Kabla sijakuamkia, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama Mdogo. Hapa nyumbani ninafua jezi ambayo haivaliwi na mtu, na kila ninapoifua maji yanatoka matope.

Sasa shikamoo, kaka yangu. Mama anaendeleaje na miguu yake? Bibi bado anakataa miwani na kumsingizia kuku kila kinachopotea? Mimi ni mzima. Huku mafuta ya gari yameadimika, mabasi yanalala kwenye foleni, basi shuleni naenda na kurudi kwa miguu na viatu ulivyoninunulia vimeanza kucheka mbele. Kifaransa sasa naandika bila kukifikiria kwanza. Lakini jambo hili nilijaribu kuliandika kwa Kifaransa likageuka hadithi, nikaona aibu, nikachana. Kwa Kiswahili cha nyumbani linabaki lilivyo.

Barua hii nimeagizwa. Jana Baba Mdogo alinipa karatasi na kalamu mpya, akasema, “Mwandikie kaka yako, na mwandiko ule wa shule. Mwambie aje haraka, usajili unafungwa. Mwambie namba kumi na moja ni yake.” Dereva wa lori la Kigoma atapita kesho asubuhi kuichukua. Simu ya Baba Mdogo unajua ilivyo, ukiongea naye yupo sikioni pamoja nawe, ndiyo maana sijawahi kukwambia lolote.

Najua hapo umeruka. Tangu tukiwa wadogo unapiga mpira wa matambara ukutani kwa mguu wa kushoto mpaka Mama anapiga kelele, na sasa timu ya ligi kuu inakuita. Kaa kwanza, kaka. Nisome mpaka mwisho ndipo uruke.

Unajua Baba Mdogo ni mtunza vifaa wa timu hii tunayoiita Viboko. Baada ya kila mechi gunia la jezi linaletwa kwetu, mimi na Mama Mdogo tunafua, tunaanika uani. Msimu huu tunazianika kwa huzuni, maana tuko karibu kushuka daraja. Wanaume hukaa barazani kwetu Jumapili jioni, wakauza na kununua wachezaji kama njugu. Mimi napita na birika na kimya changu.

“Mi nasema tununue mushambuliaji,” husema jirani yetu, fundi cherehani.

“Mushambuliaji wa nini, na hawa tuko nao wanakula bure?” Baba Mdogo humjibu.

“Basi kipa.”

“Kipa tuko naye. Anadaka.”

“Anadaka malaria tu.”

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Hakuna aliyeniuliza mimi, na wangeniuliza ningekimbilia jikoni. Kwa hiyo maoni yangu nakupa wewe. Kipa asiachwe. Ana mikono mizuri, kinachomwangusha ni krosi, na krosi zinamkuta peke yake kwa sababu mabeki wa kati wote wawili wanapenda kupanda kama vile kuna sherehe huko mbele. Yule mkubwa aachwe kwa heshima, achukuliwe kijana mrefu anayefanya mazoezi mchangani Kajaga. Kiungo mkabaji amechoka, apewe kipindi kimoja tu. Mshambuliaji wetu wa kutoka Uvira wanamtukana bure, anakufa njaa tu. Chakula chake kinatoka upande mmoja, kulia. Kushoto hatuna mtu.

Hapo ndipo linapoanza jambo lenyewe.

Winga wetu wa kushoto aliitwa Dezire. Alikuwa anakaa Gatumba na mama yake, muuza ndagala, hawa dagaa wetu. Mwaka ule maji ya ziwa yalipoingia Gatumba, Dezire alimbeba mama yake mgongoni akamfikisha pakavu, halafu akarudi ndani kuchukua njumu zake. Hakuonekana tena. Timu nzima ilikwenda ukingoni, rais wa timu naye akatoka kwa matajiri wa Mutanga Nord na koti lake zuri akasimama kwenye tope. Baba Mdogo ndiye aliyeshika jezi. Akainyoosha juu ya maji akasema, “Dezire, namba yako tunakutunzia mpaka urudi.” Wote wakaitikia amina.

Yalikuwa maneno ya uchungu, kaka, nani angemlaumu? Lakini hakuna aliyeyarudisha. Hapa mtu akifa kuna matanga, na matanga yana siku ya kuondolewa, watu wanakusanyika, wanakula, aliyekufa anaagwa, walio hai wanaruhusiwa kucheka. Ya Dezire hayajaondolewa mpaka leo. Utaondoaje matanga ya mtu uliyemwambia unamngoja? Kocha akiita majina mazoezini huliita na lake, halafu wananyamaza kidogo, kama wanavyomngoja mtu anayekuja mbio kutoka mbali. Jezi yake inapelekwa kila mechi, inalazwa mwisho wa benchi, inarudi kwenye gunia pamoja na zingine.

Mwanzo niliifua kwa adabu tu. Mvua zilipoanza nikaona pindo lake ni zito. Kwapani ina chumvi ya jasho. Shingoni inanuka ziwa. Mara moja nilikuta konokono mdogo kwenye mshono wa mkono, wale wa majini wenye ganda jembamba. Nikajiambia wamefutia benchi. Basi nikaanza kuifunga peke yake kwenye mfuko wa plastiki, na fundo nalifunga mimi, lile la Bibi la kufungia unga, ambalo huku sijaona mtu anayelijua. Mfuko unarudi na fundo lilelile. Ndani jezi imelowa.

Ukienda uwanjani utaelewa zaidi, au hutaelewa kabisa. Kiungo anainua kichwa, anatazama kushoto, anapiga pasi safi, yenye uzito wake, kwenda mahali ambapo hakuna mtu. Hakuna anayemkaripia. Na mpira hautoki nje mara moja. Ukifika kwenye mstari wa chaki unapunguza mwendo, unakaa kidogo, kama umetulizwa kwa ndani ya mguu. Halafu ndio unatoka. Mashabiki wa upande ule hawapigi kelele kama wa upande wetu.

Mwezi huu kocha alimjaribu kijana anaitwa Eriki kushoto. Alicheza kipindi kimoja. Kesho yake akaja kurudisha jezi, akakataa kukaa.

“Mi sirudi kule, tonton,” akamwambia Baba Mdogo. Huku ndivyo wanavyomwita mtu mzima.

“Kule wapi?”

“Kushoto.”

“Umeumia?”

“Apana. Kuko mutu.”

Baba Mdogo akacheka, lakini kicheko kifupi. “Ulikunywa nini, we mutoto?”

“Chai ya mama. Tonton, nikikimbia iko mbele yangu kidogo, nasikia anapumua. Na kunakuwa baridi, kama umeingia majini.” Akaiweka jezi yake kwenye kiti, ilikuwa namba kumi na tano. “Na mi nilivaa hii tu. Mwenye atavaa ile ingine, sijui.”

Eriki alipoondoka, Mama Mdogo akasema, “Ramadhani, umesikia?” Baba Mdogo akajibu kwamba vijana wa siku hizi wanaogopa hata kivuli cha bendera ya kona, na kwamba dawa ni mtu wa kushoto wa kweli, mwenye damu yetu. Ndipo jina lako likatajwa. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Nilifurahi kwanza, nikiri. Nilikuona ukishuka kwenye lori na mfuko wako, nikajua sitakula tena peke yangu. Halafu nikatazama kamba ya nguo.

Jana nilikwenda uwanjani na Baba Mdogo. Tulifungwa. Kipindi cha pili nilihamia upande wa kushoto, chini karibu na mstari, na pale nikamkuta mama yake Dezire. Anakuja kila mechi. Anakaa na kifurushi cha ndagala mapajani, cha mtu atakayekuwa na njaa mpira ukiisha. Akaniita kwa mkono.

“We ndiye mutoto wa kwa Ramadhani? Ndiye unafuaka jezi?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Yake nayo unafuaka?”

Nikaitikia.

“Inachafukaka?”

Unanijua, kaka. Darasani nikiulizwa jina langu nalisahau. Akanishika vidole, akavitazama kucha, ambapo tope lile haliishi hata nikisugua kwa ndimu.

“Nilijua,” akasema. Hakulia. Alikuwa anatazama uwanjani. “Wananiambia nisiondoe matanga, ati mutoto iko kwenye kikosi. Mi nangoja. Lakini anachoka. Mutu gani anacheza mechi zote bila kutolewa? Tangu ile siku hawajamutoa hata mara moja.”

Wakati huohuo pasi ikaja kushoto. Ikasimama kwenye chaki mbele yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuigusa. Majani palepale yalilala, kama yanavyolala chini ya mguu. Mama yule akainama mbele akasema polepole, kama anavyoambiwa mtoto aliyechelewa kulala, “Dezire, basi.” Mpira ukatoka nje.

Nimefikiri usiku kucha na darasani leo. Wanaobishana barazani wanataka kujua nani aingie. Mimi naona kikosi hiki hakiponi kwa kusajili mpaka kwanza atolewe mtu mmoja. Wewe umecheza, unajua sheria: hakuna anayeingia kabla mwenzake hajavuka mstari. Wakikuleta ukavaa namba ile ilhali mwenyewe hajatolewa, mtakuwa wawili mahali pa mmoja, na mmoja wenu amekuwa majini muda mrefu. Sijui ni nani angevuka mstari. Sitaki kujua kwa kukutazama wewe.

Kwa hiyo, kaka, usije kwanza. Najua ninachokunyima, na dirisha hili likifungwa huenda lisifunguliwe tena. Usidhani sikutaki. Kila siku nikisikia lori la Kigoma likipiga honi nakimbilia mlangoni. Ngoja waende tena ukingoni pale Gatumba, mama yake akiwa mbele, Baba Mdogo ashike jezi ileile ayarudishe maneno yake kwa mdomo wake mwenyewe, waseme ahsante, umecheza, toka upumzike. Matanga yaondolewe, watu wale chakula, wacheke. Jezi ile apewe mama yake. Ndipo uje, uvae namba nyingine yoyote, nami nitakuwa upande wa kushoto nikipiga kelele kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Watashangaa kwamba nina sauti.

Tabu ni kwamba Baba Mdogo lazima aambiwe, na wa kumwambia ni mimi. Nikimwambia, namwambia kwamba yeye ndiye anayemzuia Dezire, naye alimpenda kama mwanawe, njumu zile alimnunulia yeye. Anaweza kukasirika akanirudisha Kigoma. Anaweza kuvunjika, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Basi nimeandika barua mbili. Moja ni nzuri, ina mwandiko wa shule, inasema njoo, hiyo ni ya kusomwa na yeye, maana lazima ataisoma. Ya pili ndiyo hii, iko chini ya kitabu cha jiografia, na kila mtu akipita naifunika. Nilipanga kuzibadilisha kesho mkononi mwa dereva.

Nisalimie Mama, mwambie yale mafuta ya mgando nimeyapata, nayapaka. Msalimie Bibi na kuku wake mwizi. Mjomba Sudi fundi baiskeli mwambie huku baiskeli zimekuwa wafalme tangu mafuta yaadimike, angekuja angetajirika. Na yule binti wa jirani anayekuja kuomba chumvi wakati kwao imejaa, msalimie vilevile, kwa heshima zote za wifi.

Wako akupendaye, anayefua na kunyamaza,
mdogo wako Rehema

Kaka, nilikuwa nimekwisha kutia jina, lakini mlango wa uani umefunguliwa. Mama Mdogo yuko sokoni. Baba Mdogo amesema atarudi kabla ya magharibi na jua bado lipo. Kandambili zake huburuza, nazijua. Hatua hizi haziburuzi, zinagonga saruji, moja moja, kama mtu aliyesahau kuvua njumu. Jezi ile niliianua saa ya mchana ikiwa kavu kabisa, nikaikunja kwenye kiti hiki cha mbele yangu. Sasa inadondosha maji sakafuni.

Nilikuwa nimeshavuta kitabu cha jiografia nifunike. Nimekirudisha. Ile barua nzuri nimeichana. Hii naiacha mezani, uso juu, na kalamu pembeni.

Hatua zimefika kwenye korido. Kama ni Baba Mdogo, asome, nitajibu atakachouliza. Kama ni yule mwingine, naye asome, jina lake limo. Dezire, umecheza. Toka upumzike.

Mlango haujafungwa. Karibu.