Nilipomsubiri Aonje Kwanza

Shikamoo Bibi,

Tangu juzi nasikia sauti ya kijiko kikikwangua bakuli langu, chakula changu kikirudi sufuriani. Huku Chengdu nimefikia kwa Mei, yule Mchina niliyesoma naye Dar. Mama yake aliamka alfajiri kunipikia tambi za utumbo wa nguruwe, zenye pilipili na harufu tamu. Akanipakulia, akakaa kunitazama. Nami nikamtazama.

"We Neema! Mchaga gani anaogopa utumbo?" Mei akanitania.

Sikuogopa, Bibi. Nilimsubiri mama yake aonje kwanza, kama wewe unavyoonja pombe ya mbege ndipo umpe mgeni. Kumbe yeye alinisubiri mimi mgeni nianze. Tambi zikapoa. Akazirudisha sufuriani, akaniletea mkate. Nikaula kwa aibu bila kumweleza Mei sababu. Inaniuma kwamba alilala akidhani chakula chake kimenichefua.

Ujifunike vizuri, baridi ya Mwika isikuingie kifuani. Nakukumbuka sana.

Treni ya kunipeleka Beijing leo nimeiacha iondoke ili nibaki hapa. Nimemweleza Mei yote, nimemwomba mama yake anipikie tena, na leo nimeanza kula kabla hajaketi.

Mjukuu wako,
Neema