Filamu Yetu Iliwekwa Saa ya Biskuti

Jumanne, 1 Julai

Ukindu wa kusukia wanasesere umekauka tena. Jana niliuloweka vizuri, leo asubuhi ulikuwa laini, lakini alasiri mkono wa Bi Mize ulikatika kiwikoni. Bibi alisuka mwingine huku akininong'onea kwamba hata watu wa kweli hukatika viwiko, sembuse wa ukindu.

Bi Mize ni mwanasesere wetu, urefu wake kama kiganja. Ninamsogeza kidogo, Kadzo anapiga picha. Ninamsogeza tena, anapiga tena. Kadzo ndiye ninayekaa naye dawati moja, na simu ni ya Mwalimu Nduku wa chama cha filamu. Alasiri nzima Bi Mize ameinuka tu na kuketi. Picha zikifuatana upesi ataonekana anapumua. Mimi ndiye niliyesahau kupumua.

Shingo inaniuma. Hesabu za leo sijafanya.

Alhamisi, 3 Julai

Tumerekodi sauti ya Bibi. Tulifunga madirisha, tukaegemeza magodoro ukutani ili upepo wa kusi usisikike. Nilimwandikia maneno, akakataa kuyasikiliza. Alisema anajua mwenyewe mwanamke aliyeazimwa mkeka husema nini.

Kweli anajua. Hadithi ni yake. Mwanamke anasuka mkeka maisha yake yote. Jirani anauazima kwa harusi, mwingine kwa arobaini ya mtoto, mwingine kwa Maulidi. Kila ukirudi una doa jipya. Mwisho hakuna anayekuja kuazima. Wanakuja kumlaza yeye juu yake.

Tulipomaliza Bibi alinitazama kwa jicho kali. "Mke mwenzangu, ndiyo umeniua hivyo?"

Nikamwambia aliyekufa ni Bi Mize.

"Mbona ana pua yangu?"

Baba alisikia kicheko akaingia. Hakucheka. Aliuliza kama hiyo katuni itatahiniwa kidato cha nne. Kisha akatoa masharti yake. Tukishinda filamu bora kwenye tamasha la shule Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, nitaendelea na chama. Tusiposhinda, Jumamosi zangu ni za masomo ya ziada ya hesabu. Si mkali, Baba. Amechoka tu, na anaogopa nitachoka kama yeye.

Jumapili, 6 Julai

Imekwisha. Picha ya mwisho ni ya wanasesere wanne wameshika pembe za mkeka. Mmoja aliinama kuliko wenzake kwa sababu ukindu wake ulikuwa bado una maji. Nilitaka kumnyoosha. Kadzo akasema mwache, huyo ndiye aliyempenda zaidi.

Kisha akalia, akasingizia moshi wa jikoni. Jikoni hakukuwa na moto.

Naamini ni filamu nzuri. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwa sauti.

Jumatano, 9 Julai

Habari mbaya. Kipengele cha katuni kimefutwa. Ili kiwepo lazima zije katuni tatu, na imekuja yetu peke yake. Shule nyingine zote, za Kilifi, za Takaungu, za Kaloleni, zimepiga video za watu.

Mwalimu Nduku aliwapigia waandaaji simu mbele yetu akaomba tushindane katika filamu bora. Wakamjibu kwamba hiyo ni ya filamu zenye waigizaji. Akauliza, je, yule bibi anayezungumza? Wakasema sauti peke yake si kuigiza. Mwalimu ametoka Machakos na si mtu wa kupandisha sauti, lakini leo mishipa ya shingo ilimtutumka.

Alipokata simu alisema hatukutupwa. Tumewekwa kwenye ratiba, chini ya "Burudani ya Watoto".

Akatueleza kwamba hata katika tuzo kubwa za ng'ambo ni vivyo hivyo. Katuni ina kiti chake pembeni, na kile kikubwa cha filamu bora haijakikalia kamwe. Nadhani alitaka kutuliwaza. Nilizidi kuchoka. Kama huko wenye vifaa vyote hawasogezewi kiti, sisi wa ukindu ni nani?

Ijumaa, 11 Julai

Nimepiga pasi sare. Baba aliuliza kama tuko tayari. Nikasema ndiyo. Sikumwambia habari za ratiba.

Pengine majaji watabaki ukumbini. Wakiiona tu, watajua. Nimeliomba hilo tu, waione.

Jumamosi, 12 Julai

Hawakuiona.

Asubuhi walitazama zote za wenzetu, majaji watatu mstari wa mbele, kalamu mkononi. Filamu ya mvulana mlevi anayeanguka mlangoni kwao ilipigiwa makofi marefu. Ilipoadhiniwa adhuhuri wakaondoka, wa kuswali wakaswali, kisha wote wakaenda kula. Harufu ya biriani ilitufikia viti vya nyuma. Ndipo wakaletwa watoto wa chuo cha Kurani cha jirani, wangali na kofia zao na mitandio, kila mmoja akapewa pakiti ya biskuti. Ndipo ikawekwa filamu yetu.

Mwanzo sikusikia sauti ya Bibi kwa karatasi za biskuti. Doa la mchuzi liliwachekesha sana. Doa la mafuta ya halua likawachekesha zaidi. Kisha Bi Mize akalala. Wakaja wale wanne. Karatasi zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Msichana mmoja mwenye mtandio wa manjano akauliza kwa sauti, "Sasa mkeka watamrudishia nani?"

Mimi niliyeitengeneza sikuwahi kujiuliza hilo.

Majaji walirudi, mmoja akichokoa meno. Filamu bora ni ya yule mlevi. Mwishoni mwenyekiti wao akatuita jukwaani, akatukabidhi kisanduku cha penseli za rangi. Alisema, "Wasichana hawa wametuchekeshea watoto, tuwapigie makofi."

Kadzo alisema shikamoo na asante, kwa adabu kabisa. Tulipofika nje akasema, "Na mlevi wao angewekwa saa ya biskuti tungeona."

Filamu yetu haina rangi hata moja ya penseli.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwambia Baba. Alisema, "Basi." Afadhali angefoka.

Bibi alitaka kujua majaji walikuwa wapi. Nikamwambia walikuwa wakila. Akatikisa kichwa. "Wamekosa kuniona nikifa kwa ajili ya paja la kuku."

Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni. Nina hasira na mwenyekiti, na Baba, na mimi niliyetumaini. Nimewafunga wanasesere ndani ya leso ya zamani. Bi Mize sikuweza kumfunga. Nimemwacha dirishani.

Jumatano, 16 Julai

Shule. Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 19 Julai

Hesabu asubuhi nzima. Si ngumu kama nilivyodhani, na hilo nalo limenisikitisha.

Baba alikuja kunichukua. Tulipita uchochoro wa nyuma ya chuo, watoto ndio kwanza wanatoka. Wametandika kipande cha mkeka mbovu kibarazani. Msichana mmoja amekaa juu yake, mgongo ameupinda, na wenzake wamejipanga foleni.

"Hodi, Bi Mize! Tumekuja kuazima mkeka."

"Wa nini?"

"Wa harusi."

"Chukueni. Mkimwaga mchuzi mtaniona!"

Ni maneno ya Bibi, na mkwaruzo wa sauti yake vilevile. Baba alisimama. Wakaazima kwa arobaini, wakaazima kwa Maulidi, wakarudisha kila mara wakigombana nani alitia doa. Kisha msichana akalala, akafumba macho. Wenzake wanne wakashika pembe. Hawakuweza kumwinua, wakamburura kidogo tu, kimya kimya, bila kucheka.

Yule wa mtandio wa manjano alingoja wamalize. Akaukunja mkeka, akautia kwapani, akaenda kubisha mlango wa pili. Mtoto mwingine akafungua, akaupokea, akaketi juu yake na kupinda mgongo.

Baba aliniuliza Bi Mize ni nani. Nikasema ni wetu.

Tukaenda hadi nyumbani. Baada ya chai aliniomba nimwonyeshe. Mwalimu Nduku alinitumia nakala kwenye simu ya Mama. Baba aliitazama yote, simu karibu sana na uso. Sauti ya mama yake ilipokoma aliishika simu hivyo hivyo, kioo kikiwa cheusi.

Sijui kama Jumamosi ijayo ni ya hesabu au ya chama. Baba aliuliza tu ukindu hulowekwa kwa muda gani.