Msumari wa Tano

Beechmont, Louisville

Mama yangu,

Bwana asifiwe. Sijui kama mguu bado unakusumbua, na kama tansio ya damu imeshuka tangu uanze zile dawa. Sijui pia kama maji ya ziwa yameondoka kwenye kiwanja cha nyuma au bado mnakanyaga mawe kwenda chooni. Kwenye simu unajibu "tuko sawa" kabla sijamaliza kuuliza, basi safari hii nijibu vizuri. Mimi ni mzima. Watoto ni wazima, wanakusalimu kwa Kiingereza na nimewakemea.

Riziki, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke penye maneno makali. Ndani ya bahasha kuna kitu kigumu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Msikifungue kwanza.

Mama, tangu tumzike Furaha umeniuliza mara nyingi kama wale watu walimzika mtoto wako kama mtu. Kwenye simu nilishindwa. Kila nikianza, wewe unalia na mimi nakasirika. Sasa mke wa mchungaji wetu anasafiri kwenda Bujumbura, amekubali kubeba barua hii. Sikiliza basi namna nilivyolipiza.

Unakumbuka aliyotuambia Furaha kuhusu ukoo wa mume wake. Wei mwenyewe si mtu mbaya. Walikutana jikoni, kwenye mgahawa wa Kichina kule Columbus, akamfundisha Furaha kukaanga wali, na Furaha akamfundisha Kiswahili. Shida ilikuwa mama yake Wei, anayekaa Buffalo kwa mtoto wake mkubwa. Kila mwaka mpya wao ulipofika, Furaha alisafiri mpaka Buffalo kuwapikia. Saa ya kuwasha ubani mbele ya picha za wazee wao waliokufa, mama mkwe alimwambia abaki jikoni, kwa sababu wazee hawamjui. Hawamjui, lakini samaki wake walitengwa mezani kila mwaka!

Na mtoto wao je? Kwao watoto wa kizazi kimoja hushiriki kipande kimoja cha jina, ili mtu akisikia tu ajue huyu ni wa ukoo, na ni wa ngazi gani. Binamu zake wote ni Jia: Jiahao, Jiawen, Jiaming. Jiawen ni msichana, kwa hiyo wasiniletee habari za wasichana. Neema wetu peke yake hakupewa. Mama mkwe alisema jina la ukoo halitupwi nje. Furaha alinisimulia hayo huku akicheka, kile kicheko chake cha kujificha, na mimi nikameza. Nilimeza miaka mingi, Mama.

Ugonjwa ulipomchukua, Wei alitaka azikwe Buffalo karibu na kaburi la baba mkwe. Juu ya hilo aligombana na mama yake, akashinda. Kisha akanipigia simu nikiwa kazini, kwenye ghala la South End.

"Shemeji, weye kuya Buffalo," akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Bila weye, sanduku hapana fungwa."

"Donc, kumbe leo mumenikumbuka?"

Akanieleza. Kwao mwanamke akifa, sanduku lake halipigwi msumari mpaka watu wa kwao alikozaliwa waje, wamtazame, waridhike kwamba alitunzwa. Kaka yake ndiye anayepiga misumari. Asipopiga, balaa inawaangukia wajukuu. Na mama mkwe anazishika desturi kuliko anavyozishika dawa zake. Yule aliyesema wazee wake hawatujui, sheria ya wazee hao hao sasa ilimwambia akae, aningojee mimi, Byamungu.

Nilikaa juu ya maboksi nikacheka mpaka supavaiza akaja kuniangalia. Kisha nikalia.

Ndege zilikuwepo. Mimi nilipanda basi. Nilishuka Columbus, nikaenda Morse Road kwa dada mmoja wa kutoka mji wa Baraka anayepika sombe ya majani ya muhogo, nikala bila haraka huku simu ikilia mezani: Wei, kaka yake, Wei tena. Nilipomaliza nikaagiza chai. Ikiwa Furaha aliweza kungoja jikoni miaka yote ile, na wao waliweza kungoja kidogo.

Buffalo nilikuta theluji. Walikuwa wamepiga magoti nje ya mlango wa nyumba ya maiti, ndivyo desturi yao inavyotaka: wafiwa wanampokea mjomba kwa magoti, na hawasimami mpaka yeye aseme simameni. Alikuwepo Wei, alikuwepo kaka yake. Mbele yao alikuwa Jiahao, mtoto wa huyo kaka, mwanaume mzima mwenye duka lake la simu, ameshika sinia lenye nyundo na misumari mitano juu ya kitambaa chekundu. Neema walikuwa wamemweka nyuma kabisa, huko kwenye magari. Mama mkwe yeye ni mzee, mzee hapigi magoti. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu chini ya mwavuli.

Sikusema simameni.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza Wei, nikimwonyesha Jiahao.

"Anashika nafasi ya mutoto mwanaume. Furaha hapana zaa mwanaume."

"Dada yangu alizala mutoto moja, namuona kule nyuma. Yeye ndiye ataniletea sinia."

Wei akageuza maneno kwa Kichina. Mama yake akajibu kwa kifupi.

"Anasema sinia ni ya mutu wa ukoo."

"Bon. Muambie niko na kazi Jumatatu, ninarudi Louisville. Sanduku mufunge na gundi."

Nikaenda nyuma, nikamshika Neema mkono, nikaingia naye ndani. Nikavuta kiti karibu na sanduku, nikakunja mguu nikaomba chai. Wenyewe niliwaacha na magoti yao kwenye theluji. Walikuwa wamemvika Furaha vizuri, siwezi kusema uongo, ila kichwani hawakumfunga kitu. Nikamfunga kile kitambaa cha kitenge ulichomtumia siku za harusi. Huko nje sauti ya mama mkwe ilipanda, ikashuka, ikanyamaza.

Mlango ukafunguka. Jiahao akaingia, akampa Neema sinia kwa mikono miwili. Mtoto akapiga magoti mbele yangu, machozi yakimdondoka juu ya misumari. Hapo ndipo nikasema simameni, na wote wakaingia, mama mkwe akisukumwa kwenye kiti chake.

Nilipiga minne kwa nguvu, na kwa kila mmoja nikimtazama mama mkwe machoni. Wa tano haupigwi hivyo. Huo ni msumari wa uzao, unagongwa kidogo tu, kisha mtoto wa ukoo anaung'oa, unapelekwa nyumbani na kuchomekwa kwenye chungu cha ubani mbele ya wazee, ili ukoo uendelee kuzaa na kustawi. Mama mkwe alikuwa ameshatandika kitambaa mapajani kuupokea. Niliugonga kidogo. Halafu nikaung'oa mwenyewe, nikautia mfukoni mwa koti.

Mama, ungeuona uso wake! Sijawahi kufurahi hivyo kwenye msiba, na sioni haya.

"Neema akipewa jina yenu," nikasema, "mutaupata."

Wakapiga kelele, wakalia, Wei akaniomba. Nikawaambia tukazike, na tukamzika vizuri.

Mwezi haujaisha, kaka yake Wei akaja hapa Beechmont na boksi la machungwa. Nilikuwa nakula, nikamwacha barazani mpaka nilipomaliza. Alisema mama yake halali, na kwamba amekubali: jina limechaguliwa, Neema ataitwa Jialin, mwaka mpya atawasha ubani pamoja na wenzake. Nilikuwa nimeshinda, Mama. Nilimpigia Neema hapo hapo, sauti ikiwa wazi ili na yeye asikie.

Neema alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Waambie wabaki nayo, mujomba. Miye niko na jina ya koko."

Koko, bibi yake, ni wewe. Furaha alimpa jina lako siku aliyozaliwa, kabla mtu wa Buffalo hajakataa kitu. Na kwa desturi yetu, hawakutuletea hata mbuzi mmoja wa mahari, kwa hiyo mtoto ni wa kwa wajomba. Yule bwana aliondoka mikono mitupu. Machungwa tumeyala, yalikuwa matamu.

Nisalimie shangazi Zawadi aliyemlea Furaha tulipokuwa kambini. Nisalimie jirani yetu Mama Esta anayekupima tansio, na baba mdogo Safari, fundi wetu wa mbao, ambaye leo nina kazi naye.

Riziki, sasa fungua kitambaa. Mama, usiogope, mchungaji ameutazama akasema ni chuma tu. Mwite baba mdogo Safari aje na nyundo, aupigilie ukutani juu ya kiti chako, na hapo mtundike picha ya Furaha, ile anayocheka kwa kweli. Asigonge kidogo kama wao. Apige uingie, abakize tu pa kutundikia. Na siku watu wa Buffalo wakifika kuutafuta, wapige magoti nje mpaka wewe mwenyewe useme simameni.

Mwanao,
Byamungu